Ruzuku ya serikali kwa utafiti wa msingi unaofanywa na chuo pamoja na kiwanda: andiko langu lisimame wapi?

Mhadhiri wa Mikrobiolojia aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninafundisha mikrobiolojia katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, na nimekuwa na mazungumzo marefu na shamba moja la mkonge mkoani Tanga lenye kiwanda chake cha kuchakata majani pamoja na mtambo wa bayogesi. Wanaoifahamu kazi hiyo wanajua kwamba singa, yaani nyuzi zinazouzwa, ni sehemu ndogo mno ya jani, asilimia 5 ya uzito wake au pungufu, na kwamba kinachobaki baada ya jani kupita kwenye korona, mashine ya kutenganisha singa na jani, ni maganda na majimaji ambayo kwa miongo mingi yaliachwa yatiririke tu. Mtambo wa Hale, uliojengwa na kampuni ya Katani miaka ya 2000 kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, ulionyesha kwamba mabaki hayo yanaweza kutoa umeme. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao walifanya kazi kubwa kuhusu uozaji wa mabaki ya mkonge chini ya programu ya BIO-EARN, iliyofadhiliwa na Sweden kupitia shirika lake la misaada, Sida. Eneo hili si geni.

Jambo linalonivuta ni kwamba tangi la mshirika wangu huchacha. Linaweza kufanya kazi vizuri kwa majuma kadhaa, kisha asidi inapanda, gesi inashuka, na wahudumu wanalazimika kupunguza mlisho na kumwaga chokaa na samadi mpaka litulie. Namna ya kuliokoa wanaijua. Sababu ya kuchacha hakuna anayeijua. Ninataka kuelewa jinsi bakteria wanaotengeneza asidi na arkea (viumbe wadogo wanaofanana na bakteria) wanaotengeneza methani wanavyoishi pamoja mbele ya saponini, ambazo mkonge unazo kwa wingi na ambazo kwa kawaida huwadhuru viumbe wadogo. Sitafuti dawa ya kumimina tangini. Ninataka kujua nani anaishi humo, anakula nini, na nani anamtegemea nani.

Mwenye shamba amekubali kunipa sampuli, daftari la kila siku la wahudumu na chumba cha kufanyia vipimo vya awali. Hata hivyo, rasimu ya mkataba iliyoandikwa na mwanasheria wake inasema kwamba takwimu zote ni mali ya kampuni, kwamba hakuna kitakachochapishwa kwa miaka 5, na kwamba kila baada ya miezi 3 nitawasilisha ripoti yenye matokeo yanayoweza kutumika kiwandani.

Maswali yangu ni matatu. Je, kuna fungu la serikali linalogharamia kazi ya namna hii? Je, kushirikiana na kiwanda kunaufanya utafiti huu uache kuwa wa msingi machoni pa wanaotathmini maandiko ya kuomba ruzuku? Na vifungu kama hivyo vya usiri, wenzangu mnavijadili vipi bila kumpoteza mshirika?

Msomaji wa Maandiko alijibu:

Mwalimu, nianze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linaloangusha maandiko mengi mazuri.

Serikali nyingi hupanga takwimu zao za utafiti kwa kufuata Mwongozo wa Frascati wa OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi zilizoendelea, ambao ulitoka mara ya kwanza mwaka 1963 na ukafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2015. Kwa mujibu wake, utafiti wa msingi ni kazi ya majaribio au ya nadharia inayofanywa hasa ili kupata maarifa mapya kuhusu misingi ya mambo yanayotokea na kuonekana, pasipo kulenga matumizi fulani mahususi. Ufafanuzi huo unatazama nia ya kazi. Haugusi sampuli zimetoka wapi, wala jengo ni la nani. Mwongozo huohuo unautambua pia utafiti wa msingi ulioelekezwa, yaani ule unaotafuta maarifa ya jumla katika eneo ambalo inatarajiwa litakuja kufaa. Kazi yako inaingia hapo bila kusukumwa.

Ukitaka mfano wa zamani, mwaka 1856 huko Lille, Ufaransa, mwenye kiwanda cha kukeneka pombe kutokana na viazisukari alimwendea profesa wa kemia aliyekuwa akimfundisha mwanawe, akamweleza kwamba matangi yake yanaharibika na haelewi kwa nini. Profesa huyo alikuwa Louis Pasteur. Alichukua sampuli, akaziweka chini ya hadubini, na mwaka uliofuata akatoa maandishi yake kuhusu uchachu wa asidi ya maziwa, ambayo ni miongoni mwa misingi ya fani unayoifundisha. Sidhani kuna msomaji wa maandiko atakayekuambia kwamba kazi ile ilikuwa huduma ya ushauri kwa mwenye kiwanda.

Tatizo lako liko kwenye ule mkataba. Tazama jinsi Umoja wa Ulaya unavyopanga vikomo vya msaada wa serikali kwa makampuni katika kanuni yake ya mwaka 2014: kwa utafiti wa msingi serikali inaruhusiwa kubeba hadi asilimia 100 ya gharama, kwa utafiti wa kiviwanda kikomo cha kawaida ni asilimia 50, kwa uendelezaji wa majaribio kinashuka hadi 25, ingawa kuna nyongeza kwa kampuni ndogo na kwa ushirikiano. Hoja iliyo nyuma ya ngazi hizo ni ya kiuchumi. Maarifa ya msingi humfaa kila mtu, na aliyeyalipia hawezi kuyafungia, kwa hiyo kampuni moja ikiachiwa mzigo huo itawekeza kidogo kuliko jamii inavyohitaji. Kadiri matokeo yanavyoweza kufungiwa na mmoja, ndivyo sababu ya hazina ya umma kuyalipia inavyopungua.

Sasa soma tena kifungu cha miaka 5 ya usiri. Ukiomba fedha za umma kwa hoja kwamba matokeo yatakuwa ya wote, huku mkataba ulioambatishwa unasema yatakuwa ya mmoja, umeiondoa hoja yako kwa mkono wako mwenyewe. Nimekaa kwenye majopo ya tathmini ya kutosha kujua kwamba wajumbe hufungua viambatisho kabla ya kusoma mapitio ya machapisho.

Neno moja la ziada kuhusu mpango kazi. Andiko linalojiita la msingi huku jedwali lake likionyesha kwamba mwezi wa 18 bidhaa itakuwa sokoni halimpendezi mtu yeyote. Wa sayansi wanaona si sayansi, na wa viwanda wanaona ni ndoto. Andika matokeo kama maswali yatakayokuwa yamejibiwa kwa ndiyo au hapana, na useme utafanya nini endapo jibu litakuwa hapana.

Ofisi ya Ruzuku, Ughaibuni, alijibu:

Salaam kutoka Marekani, ambako ninafanya kazi katika ofisi inayoshughulikia ruzuku za chuo kikuu. Nitaeleza jinsi mambo yanavyoendeshwa huku, si kwa sababu fedha hizo zinakuhusu moja kwa moja, maana kwa kawaida Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani (NSF) hutoa ruzuku kwa taasisi zilizoko nchini mwake, ila kwa sababu utaratibu wao unajibu swali lako la tatu.

Kuna njia iitwayo GOALI. Si mfuko unaojitegemea. Ni aina ya andiko linalopelekwa kwenye programu za kawaida za sayansi na uhandisi, kichwa chake kikitanguliwa na neno hilo ili wasomaji wajue kwamba kuna mshirika wa kiwandani. Lazima mtu wa kiwandani awe mtafiti mwenza anayetajwa kwa jina, mwenye kazi inayoeleweka katika mpango wa utafiti. Barua ya kuunga mkono peke yake haitoshi. Fedha za NSF hazimlipi mtu huyo wala kampuni yake. Zinakwenda chuoni, kwa wanafunzi, vifaa na watafiti. Kampuni huchangia muda wa wataalamu wake, mitambo, sampuli, na wakati mwingine fedha taslimu. Kisha, kabla ruzuku haijatolewa, pande mbili zinatakiwa ziwe zimekubaliana kwa maandishi kuhusu miliki bunifu. Sharti hilo la mwisho linaudhi watu wengi, lakini limeokoa urafiki mwingi, kwa kuwa mjadala wa nani anamiliki nini hufanyika wakati bado hakuna cha kumiliki.

Njia ya pili ni ile ya vituo vya pamoja vya viwanda na vyuo, IUCRC, ambayo mizizi yake ni majaribio yaliyoanza miaka ya 1970. Kampuni kadhaa za sekta moja, ambazo sokoni ni wapinzani, hulipa ada ya uanachama kila mwaka. Ada hizo huwekwa katika kapu moja. Wawakilishi wa kampuni hukutana na watafiti, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, husikiliza mawazo ya miradi na kupiga kura. Serikali hutoa kiasi kinachosaidia kuendesha kituo, na chuo kinatakiwa kukata kidogo, asilimia 10 tu, kama gharama za uendeshaji juu ya ada za wanachama. Kwa kuwa matokeo wanayapata wanachama wote, miradi inayochaguliwa huwa ile ya maswali ya jumla ambayo hayampi mmoja wao ushindi juu ya mwenzake.

Kuhusu uchapishaji, jambo ambalo kampuni zinazoanza kushirikiana na vyuo mara nyingi hazilijui ni hili: tangu mwaka 1985 kuna agizo la rais, linaloitwa NSDD-189, linaloutambua utafiti wa msingi kuwa ni ule ambao kwa kawaida matokeo yake huchapishwa na kusambazwa kwa wanasayansi. Chuo kikikubali kampuni iwe na mamlaka ya kuidhinisha au kukataa chapisho, kazi hiyo inaweza kupoteza hadhi yake na kuingia katika masharti ya udhibiti wa usafirishaji wa teknolojia, jambo linalowagusa hata wanafunzi wa kigeni maabara. Ndiyo maana ofisi kama yetu huikataa idhini lakini huikubali nafasi ya kusoma. Kampuni hupewa rasimu ya makala, mara nyingi kwa siku 30, ili iangalie kama kuna siri yake iliyopenya au uvumbuzi unaostahili hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Ikiomba muda wa kuwasilisha maombi ya hataza, huongezewa siku 60 au karibu na hapo. Muda ukiisha, makala inakwenda.

Mwalimu, usijibu rasimu ya mwanasheria kwa kusema hapana. Jibu kwa kuandika kifungu mbadala. Uingereza tangu mwaka 2005 ina mikataba ya mfano inayojulikana kama ya Lambert, ambayo imewekwa hadharani bure, ikipangwa kulingana na nani atamiliki matokeo na mwenzake atabaki na haki gani. Haiendani moja kwa moja na sheria za Tanzania, lakini mwanasheria wa chuo chako atapata pa kuanzia.

Meneja wa Korona alijibu:

Nimefanya kazi katika viwanda vya mkonge kwa miaka mingi, na ningependa kulisema hili kutoka upande wa pili wa meza, maana naona wasomi mnazungumza kana kwamba mwenye shamba ni mtu mwenye choyo.

Mwanasheria anaandika miaka 5 kwa sababu hakuna aliyemweleza kinachotafutwa. Anaposikia neno utafiti anafikiri utavumbuliwa utaratibu wa siri ambao jirani ataubeba. Kaa na mhandisi, si na mwanasheria, umweleze kwamba unataka kujua majina na mahusiano ya bakteria waliomo kwenye tangi, ambao kwa vyovyote wamo pia kwenye tangi la jirani. Utashangaa jinsi miaka 5 itakavyogeuka kuwa miezi. Siri za kweli za kiwanda ni nyingine kabisa: ni gharama zetu kwa tani, ni bei tunayouzia singa, ni siku ambazo mashine ilisimama. Weka hizo kwenye kifungu cha usiri kwa orodha, uone kama kuna atakayekugombeza kwa yaliyobaki.

Ripoti za kila miezi 3 usizikatae. Hatuhitaji ugunduzi kila robo mwaka. Tunahitaji kitu cha kumwonyesha mkurugenzi anayeuliza kwa nini kijana wa chuo anatumia maji na umeme wetu. Ukurasa mmoja unaoeleza sampuli zilizochukuliwa, uchachu uliopimwa na wiki ipi ulibadilika unatosha. Kwa kweli ukurasa huo peke yake una thamani kwetu, kwa sababu mhudumu wa zamu hupima mara moja asubuhi na kuandika kwa kalamu, na mvua ikinyesha daftari linalowa. Mwanafunzi atakayekuja na kuchukua sampuli saa chache baada ya mlisho wa jioni, wakati hakuna anayepima, ataona mambo ambayo sisi hatujawahi kuyaona. Nasema hivyo kwa sababu tangi linachachia usiku. Asubuhi tunakuta jambo limekwisha.

Kuhusu wazo la kapu la pamoja aliloeleza ndugu yetu wa Marekani, naomba lisionekane la kigeni. Kituo cha Mlingano, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kwa miaka mingi wakati wa ukoloni kiliendeshwa kwa ushirikiano wa serikali na chama cha wakulima wa mkonge wa Tanganyika. Mkonge chotara tunaouita 11648, unaotoa majani zaidi ya 600 katika maisha yake wakati ule wa asili hutoa chini ya nusu ya hapo, ulitokana na kazi ya uzalishaji wa mbegu iliyoanza miaka ya 1930 huko Amani na kuendelezwa Mlingano. Hakuna shamba moja ambalo lingelipia kazi ile. Mkonge hutoa ua mara moja tu, mwishoni mwa uhai wake. Ukikosea kuchanganya chavua unasubiri miaka mingi kupata nafasi nyingine. Ningependekeza uende Bodi ya Mkonge na Mlingano kabla hujaenda kwa mfadhili, ili mshirika wako asiwe shamba moja bali mashamba matatu au manne. Hapo hata hofu ya jirani inapungua, kwa kuwa jirani yumo ndani.

Mlipakodi aliandika:

Nimesoma kwa makini na ninaheshimu hoja zenu, lakini mfano wa 11648 unaonipa mashaka ni huohuo mnaousifu. Chotara ule umepandwa sana China, ambao leo ni wazalishaji wa mkonge. Fedha na jasho vilikuwa vya hapa, faida imevuka bahari. Nchi ambayo bado ina zahanati zisizo na dawa inapaswa kujiuliza kama ni busara kulipia maarifa ambayo, kwa maneno ya Msomaji wa Maandiko, aliyeyalipia hawezi kuyafungia. Tajiri aweza kumudu ukarimu huo. Sisi kwa nini tusitumie fedha kidogo tulizonazo kwenye teknolojia iliyo tayari, na yale ya msingi tukayasoma kwenye majarida yao?

Mtafiti wa Kericho alijibu:

Ndugu Mlipakodi, swali lako ni la haki na halistahili kupuuzwa, lakini hesabu yako ina upande mmoja. China wanapanda 11648, ndiyo. Na mashamba ya Tanga yenyewe je, yanapanda nini? Sehemu kubwa ni huohuo. Manufaa kwenda kwa mwingine hayakuyaondoa kwetu. Halafu, kusoma majarida ya wengine kunasaidia pale tu ambapo wengine wanalichunguza jambo lako. Mtu wa Ulaya ana tangi la bayogesi linalokula mahindi na samadi ya ng'ombe. Saponini za mkonge hazimsumbui. Sisi tusipouliza, hakuna atakayeuliza kwa niaba yetu.

Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilianzisha vyombo vitatu: NACOSTI kwa usimamizi na ushauri, KENIA kwa ubunifu, na Hazina ya Taifa ya Utafiti (NRF) kwa kugharamia. Sheria hiyo inataka asilimia 2 ya pato la taifa iingie katika hazina hiyo kila mwaka, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa. Na lile lengo la Umoja wa Afrika la asilimia 1 kwa utafiti na maendeleo nalo bado liko mbali kwa nchi zetu nyingi. Nayataja haya kwa sababu ya jambo moja la kiutendaji. Fungu linapokuwa dogo kuliko linavyosema kwenye karatasi, fedha huja kwa awamu na awamu huchelewa. Niliwahi kuwa na mradi ambao fungu la pili lilichelewa mpaka mwanafunzi wa uzamivu akaacha, na mtoaji wa ruzuku hiyo nisingependa kumtaja hapa. Usipange jaribio linalotegemea fedha za mwaka wa pili kufika Julai. Panga sampuli za mwaka mzima zikusanywe na kugandishwa kwa fedha za awamu ya kwanza, kisha kazi ya kusoma vinasaba, ambayo ndiyo ghali, ingoje awamu ya pili. Sampuli ikishagandishwa vizuri haina haraka. Mwanafunzi ndiye mwenye haraka, na posho yake inapaswa kulindwa kuliko kitu kingine chochote kwenye bajeti.

Ya Meneja kuhusu ushirika wa wazalishaji nayaunga mkono kwa ushahidi wa chai. Utafiti wa chai hapa Kericho ulianza kama taasisi ya Afrika Mashariki mwaka 1951, na kwa muda mrefu ulitegemea tozo iliyotokana na chai ya wakulima. Aina ya chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa mwaka 2011, ilitokana na subira ya namna hiyo. Ila tozo ina kasoro yake: bei ya chai ikianguka, maabara inaanguka nayo. Ndiyo sababu nasema fedha za serikali na za sekta zikae pamoja, kila moja ikiziba pengo la mwenzake.

Mhadhiri wa Mikrobiolojia alijibu:

Nawashukuru nyote, na kipekee Meneja, ambaye ameniambia jambo ambalo mshirika wangu hakuwahi kuniambia, kwamba tangi linachachia usiku.

Kwa swali la kwanza, ambalo wengi hamkuligusa, nimefuatilia mwenyewe. Hapa Tanzania njia ya wazi ni Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ambayo ndiyo inayosimamia mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia na kutoa miito ya maandiko. COSTECH imo pia katika ule mpango wa mabaraza ya ruzuku ya sayansi Afrika ulioanza mwaka 2015, ambao unahimiza ubia wa utafiti kati ya sekta ya umma na binafsi. Miito ya namna hii huuliza andiko linagusa kipaumbele gani cha taifa. Mkonge na nishati si vigumu kuvieleza hapo. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba sehemu ya kipaumbele haimezi sehemu ya swali.

Nimeamua kuligawa andiko. Serikali nitaiomba igharamie kile kisichoweza kufungiwa: posho ya mwanafunzi wa uzamivu, kusoma vinasaba, na matangi madogo ya maabara ambamo tutaongeza saponini kwa viwango tofauti na kuona jamii ya viumbe inavunjika wapi. Kiwanda nitakiomba kilipe vipimo vya uchachu vya usiku, na pia mhandisi wake awe mtafiti mwenza kwa jina na kwa saa zinazohesabika. Iwapo kutajitokeza namna ya kuendesha tangi inayostahili hataza, hiyo itakuwa kazi nyingine, yenye mkataba wake na fedha za kiwanda. Bodi ya Mkonge na Mlingano nitawaendea kabla mwito ujao haujatoka.

Mlipakodi, siwezi kukuahidi kwamba maarifa haya yatabaki Tanga. Naweza kukuahidi kwamba yataanzia Tanga, na kwamba kijana mmoja wa hapa atakuwa ameyajua kabla ya mwingine yeyote.

Limebaki moja linalonitatiza. Mwanasheria wa kampuni amekubali siku 30 na nyongeza ya 60 kwa makala, lakini kuhusu tasnifu ya mwanafunzi anataka utaratibu uleule. Je, nikubali?

Ofisi ya Ruzuku, Ughaibuni, alijibu:

Usikubali utaratibu huo kama ulivyo. Tarehe ya mwanafunzi kutetea tasnifu isitegemee barua ya kampuni hata kidogo. Andika kwamba kampuni itapewa rasimu ya tasnifu siku 30 kabla ya kuwasilishwa kwa watahini. Kwamba inaweza kuomba yaondolewe yale tu yaliyoorodheshwa kama siri zake, yaani gharama, bei na saa za mashine kusimama, kama Meneja alivyoshauri. Na kwamba ikibidi kulinda hataza, nakala itakayowekwa maktabani inaweza kuzuiwa isifunguliwe kwa umma kwa muda usiozidi ule mliokubaliana, wakati utetezi unaendelea kwa tarehe yake mbele ya watahini waliotia saini ya kutunza siri. Hakikisha tu kwamba kanuni za shahada za uzamili na uzamivu za chuo chako zinaruhusu nakala kuzuiwa, na kama hazina kifungu hicho, anza kukiomba kwenye kurugenzi ya uzamili sasa, kwa sababu seneti haikutani kila mwezi.